SOMO: Sitriki kwenye juisi ya mabibo (someni yote kabla ya kuuliza)

Msimu wa mabibo (matunda ya mkorosho) ukianza tu hapa Mtwara simu yangu haipoi, "mkuu sitriki vijiko vingapi", nimechoka, naandika mara moja.

Sitriki ni asidi, ule unga mweupe mchachu, kwenye pakiti za vyakula unaandikwa E330.

1. Nunua ya chakula. Ya kusafishia boila ni kemikali ile ile ila haijasafishwa kwa ajili ya tumbo lako. Mfuko hauna maandishi? Pita.

2. Osha, kamua, chuja, siku hiyo hiyo. Bibo halilali.

3. Toa ukakasi. Uji mwepesi wa mchele uliopoa, koroga kwenye juisi, iache itulie, utandu ukizama mimina ya juu. Sitriki HAITOI ukakasi, inaongeza uchachu tu.

4. Pima kwa mizani, anza na gramu 2 kwa lita. Yeyusha kwenye maji kidogo ndo umimine.

5. Chombo. Hapa ndo niliumia. Mara ya kwanza nilikuwa na lita 20, nikatia sitriki nikachemsha kwenye sufuria letu la kawaida la alumini, halafu usiku ukaingia nikaiacha humo humo. Asubuhi naimimina nakuta sufuria linang'aa ndani kama limetoka dukani, mie nafurahi, kumbe weusi wote wa sufuria na alumini yenyewe imehamia kwenye juisi, kuonja ladha kama nimelamba bati. Nikamwaga zote, sukari humo, kuni humo, na mke wangu ananiangalia tu hasemi kitu. Kwa hiyo chuma cha pua au enameli isiyobanduka. Alumini HAPANA, hata kwa "dakika 2 tu". Kijiko pia.

6. Pasha juisi nyuzi 85 kama dakika 5, jaza chupa ikiwa moto, funga.

MASWALI

Mdau wa Newala: Sasa naweka vijiko vingapi?
– Hatua ya 4.

Mdau wa Masasi: Nimekosa sitriki, maji ya betri si nayo asidi?
– Ndugu yangu, hiyo ni sulfuriki, inachoma koo mpaka tumbo. Usiisogeze hata jikoni.

Mdau wa Lindi: Mnatulisha kemikali, bibi zetu walitumia ndimu.
– Na ndani ya ndimu mna nini? Sitriki hiyo hiyo. Tumia ndimu sijakataza, ila hazilingani, chupa hii kali ile imepoa, mteja analalamika kwangu sio kwa bibi.

Mdau wa Nachingwea: Shikamoo kaka, samahani, hii ndo vitamini C? Na huo unga wanakamua ndimu ngapi?
– Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Sio vitamini C, ile ni askobiki, na bibo lenyewe linayo nyingi kuishinda chungwa. Sitriki alianza kuitenga mkemia Scheele kule Sweden mwaka 1784 kutoka kwenye maji ya limau, lakini siku hizi viwandani wanalisha sukari au molasi kwa ukungu mweusi unaitwa Aspergillus niger, ndo unatoa asidi, wanaichuja na kuisafisha. Mkemia James Currie ndo alionyesha njia hiyo inalipa, 1917. Ukishaonja onja juisi siku nzima sukutua kwa maji, usikimbilie mswaki papo hapo, asidi inalainisha meno.

Mdau wa Tandahimba: Natengeneza sabuni ya mche, nikitia itanukia limau?
– Haina harufu. Halafu gramu 10 zinakula kama gramu 6 za kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni), sabuni inabaki na mafuta.

Mdau wa Mikindani: Maji ya kisima yamenijazia magamba kwenye birika, inafaa?
– Sana. Vijiko 2 vya chakula kwa lita ya maji ya moto, nusu saa, suuza mara mbili. Usichanganye na jiki, inatoa gesi ya klorini, utakohoa mpaka utoke nje.

Mdau wa Mikindani: Birika langu la alumini lakini.
– Hatua ya 5, kaka.