Kuweka vipande vya nyimbo katika video ya nyumbani na kuvififisha bila kumfunika msemaji

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea kompyuta yake ikiwa na video ya harusi ya dada yake, yenye urefu wa dakika 22, iliyounganishwa kutokana na picha za simu za ndugu watatu. Picha alikuwa amezipanga vizuri. Tatizo lilikuwa nyimbo: kila wimbo uliingia kwa kishindo na kukatika katikati ya neno, na pale bibi yake alipokuwa akiwapa maharusi nasaha, kilichosikika ni besi ya gitaa tu. Tulikaa jioni mbili tukarekebisha, na haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio ambao ningeufuata tena.

Programu tuliyotumia ni Shotcut. Haina malipo, inafanya kazi katika Windows, Mac na Linux, na haibandiki nembo yake juu ya video yako. Programu za simu zinafaa kwa video fupi, lakini kwa kazi ya kufifisha nyimbo sizipendekezi, kwa sababu kwenye kioo kidogo mchoro wa mawimbi ya sauti hauonekani kwa ukubwa wa kutosha, na kazi hii hufanywa kwa macho na masikio kwa pamoja.

Hatua ya 1: Maliza picha kwanza

Usiguse wimbo wowote kabla mpangilio wa picha haujakamilika. Ukifuta tukio la sekunde 8 baada ya kuweka muziki, kila kitu kinachofuata kinaweza kuhama kutoka mahali pake.

Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) inayobadilikabadilika kila sekunde, jambo linaloweza kuifanya sauti iachane na midomo kadiri video inavyoendelea. Shotcut hulitambua jambo hilo unapofungua faili na hukuuliza kama unataka kuibadilisha iwe rahisi kuhariri. Kubali, hata kama itachukua muda na nafasi kwenye diski.

Hatua ya 2: Chagua kipande, si wimbo

Nyimbo zetu nyingi ni ndefu kuliko tukio lolote la video ya nyumbani. Wimbo wa taarabu unaweza kufika dakika 10 au zaidi, na wimbo wa dansi wa zamani mara nyingi huwa na sehemu mbili zilizo tofauti kabisa: ile ya mwanzo yenye mashairi na mwendo wa pole, kisha ile ya magitaa yanayokimbia, ambayo Wakongo huiita sebene. Mpwa wangu alikuwa ameweka mwanzo wa wimbo kwenye tukio la watu kucheza na kutunza, kwa hiyo watu walionekana wakiruka huku muziki ukiwa bado unabembeleza. Tuliruka dakika 4 za mwanzo, tukachukua sebene peke yake, na tukio likachangamka bila kuguswa picha hata moja.

Sikiliza wimbo wote huku ukiandika kwenye karatasi dakika na sekunde za mambo matatu: mahali ambapo ubeti au kiitikio kinaanza, mahali ambapo ala zinapiga bila mwimbaji, na mahali ambapo wimbo unamalizika wenyewe. Karatasi hiyo itakuokoa baadaye, hasa katika hatua ya 5.

Buruta wimbo hadi kwenye mstari wa sauti, weka mshale wa muda mahali ulipochagua, kisha bonyeza herufi S ili kukata. Kata kwenye pigo la kwanza la mzunguko, yaani pale ambapo mguu wako ungekanyaga kama ungekuwa unacheza, wala si kati ya mapigo. Ukivuta mchoro wa mawimbi ukawa mkubwa, pigo hilo huonekana kama mlima mdogo uliochomoza, nawe ukate hatua ndogo tu kabla yake.

Hatua ya 3: Sauti iliyokuwapo ukumbini

Hapa wengi hukosea kwa kunyamazisha kabisa sauti ya simu. Ni kweli kwamba matarumbeta yakiwa yanapigwa ndani ya picha, huwezi kuweka wimbo mwingine juu yake, kwa sababu funguo na mapigo havitapatana na kitakachotokea ni kelele. Katika tukio la namna hiyo nashauri usiweke wimbo kabisa. Acha matarumbeta yenyewe yawe muziki wako. Kwingineko, shusha sauti ya ukumbi kwa desibeli 12 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) badala ya kuiondoa, kisha uiache ipande pale penye vigelegele. Vigelegele vikisikika juu ya wimbo, mtazamaji hurudi ukumbini. Vikiondolewa, video hugeuka kuwa picha za watu wasiojulikana wakipita mbele ya redio.

Hatua ya 4: Kufifisha mwanzo na mwisho

Peleka kipanya kwenye pembe ya juu ya kipande cha wimbo. Kitatokea kiduara kidogo. Kivute kuelekea ndani, na sauti itapanda taratibu kwa muda uliouvuta. Fanya vivyo hivyo upande wa pili ili ishuke.

Kama kipande kinaanzia mwanzo halisi wa wimbo, usikififishe. Mwanamuziki alikwisha kuuandaa mwanzo wake. Kama kinaanzia katikati, sekunde 1 au 2 zinatosha. Mwishoni toa muda zaidi, sekunde 5 au 6, kwa sababu sikio halisikii upungufu jinsi jicho linavyouona kwenye mchoro: wimbi likipungua hadi nusu ya ukubwa wake limeshuka desibeli 6 tu, na kwa msikilizaji huo ni upungufu mdogo. Ukifupisha mno, muziki huonekana kusimama palepale halafu ukaanguka ghafla katika sekunde ya mwisho. Jitahidi pia ufifishaji uanze mwimbaji anapomaliza mstari, maana neno linalofifia nusu huacha mtu akilisubiri.

Kwa wimbo wa mwisho wa video, fanya kinyume. Chukua mwisho halisi wa wimbo, ulinganishe na picha ya mwisho, kisha rudi nyuma hadi unapotaka uanze na ufifishe huko. Pigo la mwisho la ngoma likigongana na picha ya mwisho ya maharusi, hakuna ufifishaji utakaolishinda.

Hatua ya 5: Kuushusha muziki chini ya nasaha

Hii ndiyo hatua iliyonila usiku mzima nilipoifanya kwa mara ya kwanza miaka michache iliyopita, na ndiyo iliyomshinda mpwa wangu, kwa hiyo naomba uisome yote kabla ya kuanza.

Lengo ni kwamba muziki usikike peke yake, ushuke msemaji anapokaribia kuanza, ukae chini muda wote anaposema, halafu upande tena. Bofya kipande cha wimbo, fungua paneli ya Filters, uongeze kichujio cha Gain / Volume, kisha ubonyeze alama ya saa iliyo kando ya kitelezi cha sauti. Kuanzia hapo kila unapobadilisha kiwango, programu huweka nukta mahali mshale wa muda ulipo, na sauti hupita kutoka nukta moja hadi nyingine kwa mteremko.

Mtego umo katika neno hilo mteremko. Nilikuwa naweka nukta mwanzoni mwa wimbo kwa desibeli 0, kisha naenda pale msemaji anapoanza kusema na kuweka nukta ya kushusha desibeli 18. Nilitarajia muziki ubaki juu hadi hapo. Badala yake ulianza kuzama tangu mwanzo wa wimbo na kuendelea kuzama kwa dakika nzima, kwa sababu programu ilikuwa ikiunganisha nukta hizo mbili kama nilivyoiagiza. Nilifuta, nikaanza upya, nikabadilisha wimbo, nikidhani faili ni mbovu. Dawa ni kuweka nukta mbili kwa kila badiliko: ya kwanza hulinda kiwango cha zamani na ya pili huanzisha kipya. Kwa nasaha moja unahitaji nukta nne. Weka ya kwanza sekunde 1 na nusu kabla ya msemaji kuanza, ikiwa kwenye 0. Ya pili nusu sekunde kabla ya msemaji kuanza, ikiwa kwenye 18 chini ya sifuri. Ya tatu baada ya neno lake la mwisho, ikiwa palepale 18 chini ya sifuri. Na ya nne sekunde 2 baadaye, ikiwa imerudi 0. Kupanda kuwe kwa pole kuliko kushuka, ili muziki usionekane unamfukuza mzee aliyekuwa anasema.

Kwa nini desibeli 18? Ni mahali pazuri pa kuanzia tu. Mzee mwenye sauti nyembamba aliyerekodiwa kutoka viti vya nyuma atahitaji muziki ushuke zaidi, na huenda ukahitaji pia kuipandisha sauti yake. Ukiipandisha, angalia mita ya sauti isifike kwenye sifuri, maana ikigonga hapo itapasuka, na faili ikishatolewa hakuna kichujio kitakachoirudisha ilivyokuwa.

Jambo la pili lililonigharimu ni kusikiliza kwa spika za kompyuta mpakato. Spika ndogo hazitoi besi, kwa hiyo nilisikia kila neno vizuri nikaridhika; nilipoiwasha video kwenye televisheni ya sebuleni, besi ilijitokeza yote ikameza maneno. Sikiliza kwa spika za masikioni, kisha ujaribu kwenye televisheni kabla ya kusema umemaliza. Besi ikiendelea kusumbua, ongeza kichujio cha Bass & Treble kwenye wimbo na upunguze besi, lakini kwenye kipande kilicho chini ya maneno tu.

La tatu ni muhimu kuliko yote: usiweke mashairi chini ya mazungumzo. Hata ukishusha muziki kiasi gani, sikio la Mswahili litafuata maneno ya Kiswahili popote lilipoyasikia, na litagawanyika kati ya mwimbaji na bibi. Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 2, tafuta mahali ambapo ala zinapiga bila mwimbaji, uweke hapo. Katika taarabu sehemu za fidla na kinanda zinafaa sana.

Zipo programu zinazoshusha muziki zenyewe zinaposikia mtu anasema. Nimezijaribu na sizitumii kwa nasaha za wazee. Mzee hupumzika kati ya sentensi na hunyamaza ili neno liingie, nayo programu hudhani amemaliza, ikaupandisha muziki na kuushusha tena, na kimya alichokikusudia hupotea.

Hatua ya 6: Wimbo mmoja kupokea mwingine

Katika Shotcut, ukisukuma kipande juu ya kingine kwenye mstari uleule, programu huvichanganya, mmoja ukishuka na mwingine ukipanda. Tumia njia hiyo pale tu nyimbo zinapolingana kwa ufunguo na mwendo. Chakacha na dansi, kwa mfano, havihesabiwi kwa namna moja, na vikipishana kwa sekunde 4 msikilizaji hujikwaa. Mara nyingi mimi hufifisha wa kwanza hadi uishe, naacha sekunde 2 au 3 za vigelegele au vicheko vya ukumbini, ndipo wa pili unaingia.

Hatua ya 7: Kutoa faili

Toa MP4 kwa mipangilio ya kawaida, sauti ikiwa kwenye 48,000 Hz. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, itume kama hati, kwa sababu ikitumwa kama video hubanwa na ubora wake hushuka.

Kama utaipandisha YouTube, fahamu kwamba mfumo wake wa Content ID unaweza kuutambua wimbo hata kama umetumia kipande tu, na kwamba hakuna sheria inayosema sekunde 10 za wimbo wa mtu ni bure. Nyimbo ni mali ya waliozitunga. Kwa toleo la hadharani tafuta ruhusa, au tumia muziki kutoka maktaba ya sauti ya YouTube yenyewe, na lile lenye nyimbo mlizozipenda libaki la kutazamwa nyumbani.

Faili ya mradi wa Shotcut haibebi nyimbo wala picha ndani yake. Inakumbuka tu mahali zilipo. Weka mradi, picha na nyimbo katika folda moja na uinakili folda nzima, kwa maana ndugu aliyesahauliwa kwenye video atapiga simu wiki ijayo, na itakubidi uufungue mradi tena.