Moto umezimika, lakini usiwashe kinanda

Kanisa likiungua, swali la kwanza la wazee wa kanisa huwa lile lile: "Fundi, bado kinalia?" Mimi ni fundi wa vinanda vya mabomba, na jibu langu ni kwamba hatujaribu. Feni ya kinanda huvuta hewa ya humo humo ndani. Ukiiwasha tu, masizi yanaingia kwenye mivukuto, kwenye masanduku ya upepo yanayogawia mabomba hewa, mpaka kooni mwa kila bomba. Niliwahi kuiwasha, sekunde kumi hivi, kumridhisha mchungaji. Kazi ya kusafisha ikaongezeka wiki mbili.

Kata umeme wake, piga picha kila safu ya mabomba, kisha tafuta maji. Gundi ya vinanda vya zamani ni ya ngozi za wanyama: ikilowa, viungo vinaachana. Hapo lazima atokee mwenye hita. Mkatalie. Mbao ikikaushwa haraka hupasuka, na sanduku la upepo lenye ufa huvujisha hewa, noti zikalia zenyewe bila kuguswa. Acha hewa ipite taratibu, na kila asubuhi kagua ukungu.

Mabomba mengi ni mchanganyiko wa madini mawili, bati na risasi. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 za Selsiasi, risasi 327, na zikichanganywa huanza kulegea kwenye 183. Kwa hiyo bomba laweza kuinama kwa uzito wake bila kuguswa na mwali. Usilinyooshe kwa mkono. Vaa glavu, lichomoe bila kushika mdomo, ule mwanya wa kutolea sauti, wala ukingo wa juu, maana hapo ndipo sauti ilipopimwa. Kabla ya kuliwekea alama, tafuta herufi ya noti aliyoichonga fundi wa kwanza. Mara nyingi iko pale, chini ya masizi.

Kitambaa kibichi marufuku: masizi yana mafuta na asidi, maji huyageuza uji. Tumia mashine ya kufyonza vumbi na brashi laini. Vaa barakoa. Kinanda kikuu cha kanisa la Notre-Dame ya Paris, chenye mabomba karibu 8,000, hakikuungua kanisa liliposhika moto mwaka 2019, lakini vumbi la risasi kutoka paani lilikifunika. Kilisikika tena Desemba 2024.

Kinanda cha kanisa kuu la Nantes, Ufaransa, kiliteketea mwaka 2020. Kikifika hapo, chekecha majivu. Donge lililoyeyuka usilitupe: maabara hupima humo kiasi cha bati na risasi, nawe ukaagiza mabomba mapya kwa kipimo hicho.