Mkono Uliotolewa Mshipa kwa Ajili ya Moyo: Namna ya Kuukagua

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji wa moyo, Dar es Salaam. Ndugu wa wagonjwa huniuliza: "Sista, mshipa mmeuondoa, sasa kiganja kitapata damu wapi?" Ni swali la haki.

Kiganja kina ateri kuu mbili, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni. Ya upande wa kidole gumba, ile tunayoibonyeza tukihesabu mapigo, ndiyo hukatwa kwenye kigasha na kupandikizwa moyoni ili damu ipite kando ya mahali mshipa wa moyo ulipoziba. Ya upande wa kidole cha mwisho hubaki, na kwa watu wengi hizo mbili huwa zimeungana ndani ya kiganja.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya upasuaji. Omba uone kipimo cha Allen kikifanywa. Mgonjwa huinua mkono na kukunja ngumi kwa nguvu kwa nusu dakika hivi, huku ateri zote mbili zikibanwa kwenye kifundo cha mkono. Akifungua ngumi, kiganja huwa kimepauka. Ateri ya upande wa kidole cha mwisho huachiwa peke yake, na rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 5 hadi 10. Vidole visinyooshwe kwa kukazwa, maana hapo kiganja hupauka hata kama damu inapita vizuri. Rangi ikichelewa, au kukiwa na shaka, daktari atataka ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha damu inavyopita kwenye mishipa, au atatumia mshipa wa mguu. Mwambie pia kama mgonjwa ana ugonjwa wa figo, kwa kuwa ateri hiyo ya mkono inaweza kuhitajika baadaye kwa dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine; kama katheta ya moyo, ule mrija mwembamba wa kuchunguza moyo, ilishawahi kupitishwa kwenye kifundo hicho; na ni mkono gani anaoutegemea kwa kazi. Mama zetu nawaomba waje bila piko wala rangi kwenye kucha, tuweze kuziona.

Baada ya upasuaji, linganisha mikono miwili kila mara. Gusa vidole kwa mgongo wa mkono wako uone kama joto ni sawa. Bonyeza ukucha kwa sekunde 5, uachie; wekundu urudi kwa sekunde 2 au 3. Kwa ngozi yetu nyeusi usiangalie mgongo wa mkono, angalia kucha na kiganja. Mkono ukae juu ya mto, vidole vikikunjwa na kukunjuliwa mara kwa mara.

Ganzi huwatisha wengi. Ikiwa ipo nyuma ya kidole gumba au kwenye ngozi ya kigasha, na vidole vina joto na rangi nzuri, mara nyingi ni mishipa ya fahamu iliyoguswa wakati wa kukata. Hupungua kwa wiki au miezi, na kwa wengine hubaki kidogo. Lakini tafadhali, msiukande mkono huo kwa maji ya moto wala chupa ya moto. Ngozi yenye ganzi huungua mgonjwa asijue, na nimefunga vidonda vya namna hiyo ambavyo havikupaswa kuwepo.

Vidole vikiwa baridi na vimepauka au vimekuwa bluu, kigasha kikivimba na kuwa kigumu, maumivu yakizidi vidole vinaponyooshwa, au bandeji ikilowa damu, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Usaha, homa, au mshono unaoachia navyo visisubiri tarehe ya kliniki.

Ateri ya mkono hupenda kujikaza. Daktari Mfaransa wa upasuaji wa moyo, Alain Carpentier, alianza kuitumia Paris mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaachwa kwa sababu ilikuwa ikiziba, kisha ikarudi miaka ya 1990 madaktari walipojifunza kuilegeza kwa dawa. Ukiandikiwa dawa hiyo, usiikatishe bila kumwuliza daktari. Sigara iachwe kabisa.

Presha ipimwe na sindano zichomwe mkono mwingine hadi daktari aruhusu. Na popote utakapotibiwa baadaye, mwambie anayekupokea kwamba kifundo hicho huenda kisisikike mapigo. Ahesabu kwenye mkono wa pili.