Galaksi Imewaka, au Wingu Limepita?

Nikiingia zamu ya kuvizia galaksi zinazowaka ghafla kwa miale ya gama, kwanza naangalia mwezi unachomoza saa ngapi. Darubini zetu haziuoni mwale wa gama wenyewe, yaani mwanga wa nishati kubwa mno. Mwale unagonga angahewa, unazaa manyunyu ya chembe kilomita 10 hivi juu yetu, nayo yanatoa mwanga wa Cherenkov, wa buluu, unaodumu nanosekunde chache. Mwezi mpevu unaufunika kabisa.

Shabaha ichague mchana. Kaskazini kuna galaksi za Markarian 421 na 501. Kusini, PKS 2155-304. Soma pia taarifa za Fermi, setilaiti ya miale ya gama iliyorushwa 2008, inayopitia anga lote kila saa 3 hivi. Galaksi ikiwa karibu na utosi wa anga, utanasa hata miale ya nishati ndogo. Ikiinama kuelekea upeo wa macho, hiyo unaikosa.

Usiilenge katikati ya kamera. Ihamishe nusu nyuzi pembeni, na kila dakika 20 ubadilishe upande. Hapo unahesabu miale ya galaksi na ya mahali patupu kwa wakati mmoja, kupitia anga lile lile.

Sasa penye mtego. Niliwahi kumwamsha kiongozi wa zamu saa tisa usiku. Grafu ya ung'avu wa galaksi ilikuwa imeporomoka kwa nusu ndani ya dakika kumi, nami nilishaiona ile PKS 2155-304 ya Julai 2006, ambayo darubini za H.E.S.S. kule Namibia ziliinasa ikipanda na kushuka ndani ya dakika chache. Alikuja na blanketi mabegani, hata grafu yangu hakuitazama. Akauliza, "Kamera inafyatuka mara ngapi?" Ilikuwa 300 kwa sekunde; imeshuka hadi 180. Lilikuwa wingu jembamba, nje halionekani kwa macho.

Karibu kila mfyatuko, yaani kila mmweko kamera inaounasa, ni wa miale ya kosmiki, chembe zinazotoka pande zote za anga, ambayo haijali galaksi yako inafanya nini. Kwa hiyo hesabu hiyo ikishuka pamoja na grafu, laumu anga. Ikitulia huku grafu ikiruka, pima ung'avu kwa kulinganisha na Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka na kipimo chetu sote, na subiri ziada juu ya mahali patupu ivuke sigma 5, yaani iwe vigumu mno kuwa ya kubahatisha.

Ikivuka, piga simu. Wenye darubini za eksirei wanahitaji saa hizo hizo, si ripoti ya asubuhi. Kiongozi wangu alisema nimwamshe tena, ila nianze na ile namba ya mifyatuko.