Namna ya Kupiga Picha Nyeusi na Nyeupe Zinazoacha Hadithi Nusu

Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, aliielekeza kamera yake kutoka dirishani kuelekea barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris. Barabarani mlikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa bamba lake, yaani kipande cha madini kilichonasa picha, lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, kila kilichokuwa kikienda kilifutika, akabaki mtu mmoja aliyetulia muda wa kutosha kwa sababu alikuwa akisafishiwa viatu. Mtu huyo hakujua kwamba anapigwa picha, jina lake halijulikani, na aliyekuwa akimhudumia anaonekana kama doa tu miguuni pake. Hata hivyo ni vigumu kuitazama picha hiyo bila kujiuliza alikuwa akijitengeneza kwenda wapi, na ni nani aliyekuwa akimngoja.

Daguerre hakukusudia hilo, lakini mpiga picha wa leo anaweza kulikusudia. Picha moja haiwezi kusimulia hadithi, kwa kuwa hadithi ina kabla na baada, na picha ina sehemu ndogo tu ya sekunde. Inachoweza kufanya ni kile kinachofanywa na kitendawili: kutaja jambo moja kwa uwazi kabisa na kunyamaza kuhusu mengine yote. Tofauti yake ni kwamba picha haimdai mtazamaji mji anaposhindwa, wala haina jibu moja lililofichwa. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, swali la kujiuliza ni dalili gani moja nitaiacha wazi, na ni mambo gani nitamnyima mtazamaji. Dalili ya mvua ni mawingu. Kazi yako ni kuonyesha mawingu na kuiacha mvua nje ya fremu.

Kuondoa rangi ni njia ya kwanza ya kunyima. Rangi hutoa taarifa nyingi kwa haraka mno: saa ya siku, fasheni ya miaka ile, joto la mahali, hata chapa ya bidhaa iliyo mkononi mwa mtu. Zikiondoka, jicho hubaki na umbo, mwanga, mkao na uso. Lakini usidhani kwamba picha yoyote ya rangi itanufaika kwa kugeuzwa tu, kwa sababu vitu vinavyotofautiana sana kwa rangi vinaweza kufanana kabisa katika kijivu. Katika hesabu ya kawaida ya ugeuzaji huo, kijani huchangia takribani asilimia 59 ya mng’ao, nyekundu asilimia 30 na bluu asilimia 11, na ndiyo maana koti jekundu linalovuta macho mbele ya majani mabichi linaweza kuzama katika kijivu kilekile cha majani. Iwapo koti hilo ndilo lililokuwa dalili yako, umeipoteza. Dawa yake ni kuiweka kamera ikuonyeshe picha isiyo na rangi wakati unapotazama, huku ikihifadhi faili ghafi (RAW), yaani data ya kamera ambayo haijachakatwa, lenye rangi zote, ili ujifunze kuona mwanga kabla ya kubonyeza badala ya kuusaka baadaye kwenye kompyuta.

Tafuta mwanga unaotoka upande mmoja: dirisha, mlango ulio wazi, jua lililoinama. Mwanga wa namna hiyo huugawa uso au chumba katika sehemu inayosema na sehemu inayonyamaza. Pima mwanga kwa kufuata sehemu angavu, kwa kuwa katika kamera ya kidijitali weupe uliopita kiasi haurudi tena, na uache vivuli viwe vyeusi tititi pale vinapotaka. Wanaoanza huwa na tabia ya kuviinua vivuli wakati wa kuhariri hadi kila pembe ya chumba ionekane, nami naona hilo ndilo kosa linaloharibu picha nyingi za aina hii kuliko ukungu au fokasi iliyokosea, kwa maana mtu aliyeketi karibu na giza huibua swali, na giza likishafunuliwa na kukutwa lina kabati na ndoo, swali limekufa.

Njia ya pili ya kunyima ni kutopanga. Mtu anayejua kwamba anatazamwa hujibu maswali kabla hajaulizwa: hunyoosha mgongo, hutabasamu, huficha alichoshika. Asiyejua, au aliyekwisha kukuzoea, hubaki katikati ya mambo yake. Ili uwe tayari kwa nyakati hizo, ondoa uamuzi wa kiufundi mapema. Ukitumia lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), ukaweka tundu la lenzi linalopitisha mwanga kwenye f/8 na kulenga umbali wa mita 3, kila kitu kuanzia mita 2 hivi hadi mita 7 kitakuwa na ukali wa kuridhisha, nawe hutahitaji kulenga upya. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya 1/250 ya sekunde inatosha kwa mtu anayetembea. Ikiwa mahali pana mwanga hafifu, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga. Chembechembe zinazojitokeza hazina ubaya katika picha nyeusi na nyeupe.

Kuhusu kujificha, wapiga picha hawajawahi kukubaliana. Kati ya mwaka 1938 na 1941 Walker Evans aliwapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi jijini New York akiwa ameificha kamera ndani ya koti. Vivian Maier, mlezi wa watoto aliyefanya kazi kwa miaka mingi Chicago na kuacha zaidi ya negativu 100,000, alitumia mara nyingi kamera ya Rolleiflex, ambayo hushikwa usawa wa kiuno na kutazamwa kutoka juu, hivi kwamba mpiga picha huonekana ameinamisha kichwa badala ya kumkazia mtu macho. Mimi sipendekezi koti la Evans. Kaa mahali pamoja kwa nusu saa, kamera ikiwa wazi kifuani, nao walio karibu watachoka kukuangalia muda mrefu kabla wewe hujachoka kungoja.

Ukishakuwa tayari, ngoja tendo lisilokamilika. Katika picha maarufu ya Henri Cartier-Bresson, iliyopigwa mwaka 1932 nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare jijini Paris, mwanamume anaruka juu ya dimbwi na kisigino chake kimebakiza kidogo tu kugusa maji. Lau picha ingepigwa muda mfupi baadaye, tungekuwa na mtu aliyelowa viatu, na habari ingekuwa imekwisha. Vivyo hivyo, mkono ulio karibu na kitasa una nguvu kuliko mlango uliofunguliwa, na mtu aliyevuta pumzi ili ajibu ana mengi kuliko anayejibu. Angalia mikono zaidi ya nyuso, kwa kuwa watu hujifunza kuzitawala nyuso zao wakaisahau mikono. Angalia migongo pia. Angalia watu wawili walioketi bega kwa bega huku kila mmoja akitazama upande wake, na kiti kitupu ambacho mtu amekiwekea koti lake.

Lililo gumu kuliko yote ni kumwona mtu anayetazama kitu kilicho nje ya fremu na kujizuia usigeuke kukipiga picha kitu hicho. Kijana aliyesimama kwenye jukwaa la kituo akiangalia upande ambao treni imeelekea atakufanya utamani kuijumuisha treni. Usiijumuishe. Sogeza fremu ili nafasi iliyo mbele ya macho yake iwe tupu, na ukingo wa picha ukate pale hasa anapotazama. Kama ana begi, hakikisha linaonekana. Ndilo dalili, kwa sababu bila begi huyo ni kijana amesimama tu, na mtazamaji hana pa kuanzia.

Hapa pana hatari isiyosemwa vya kutosha. Picha inayodokeza inaweza kudokeza uongo. Mtu anayepiga miayo akiwa amejifunika uso kwa kiganja huonekana analia. Wanandoa waliochoshwa na safari huonekana wanaelekea kuachana. Hata kutopangwa kwenyewe kunaweza kuwa sura tu: busu la mbele ya ukumbi wa jiji la Paris, ambalo Robert Doisneau alilipiga mwaka 1950 kwa ajili ya jarida la Life, lilichukuliwa na wengi kuwa tukio la bahati, hadi ilipobainika katika miaka ya mwanzo ya 1990 kwamba vijana wale walikuwa waigizaji walioombwa kubusiana. Kwa hiyo usipange tukio kisha ukaliita la ghafla, na usitangaze picha inayomfanya mtu atambulike katika hali ya aibu au huzuni ambayo wewe unajua, au unahisi, kwamba sivyo ilivyokuwa. Ukiweza kumfuata baada ya kupiga na kumwonyesha, fanya hivyo. Akisema ifute, ifute mbele yake.

Baada ya hapo huja uteuzi, na uteuzi ni ukatili. Robert Frank alipiga takribani picha 28,000 alipozunguka Marekani katikati ya miaka ya 1950, na katika kitabu alichotoa mwaka 1958 zilibaki 83. Ziache picha zako kwa wiki kadhaa kabla ya kuchagua, kwa kuwa siku ile ile bado unakumbuka kilichotokea kabla na baada, na kumbukumbu hiyo hukudanganya kwamba imo ndani ya picha. Unapoziandikia maelezo, taja mahali na mwaka, basi. Maelezo kama “Akingoja mpenzi asiyerudi” humnyang’anya mtazamaji kazi yake yote.

Kisha wape picha watu wawili ambao hawakuwapo, kila mmoja kwa wakati wake, na umuulize kila mmoja nini kilitokea muda mfupi kabla ya pale. Wote wawili wakitoa jibu moja, umeonyesha mno. Jaribu kukata sehemu ya fremu au kuteremsha vivuli, kisha uulize wengine. Wakinyamaza wote, dalili haipo au haionekani, na hakuna uhariri utakaoiokoa picha hiyo. Wakitofautiana, lakini kila mmoja akaweka kidole pale pale, kwenye begi au kwenye mkono ulio karibu na kitasa, ichape.