Namna ninavyoionjesha meza michezo ya fantasia zaidi ya Dungeons & Dragons

Kwa miaka sita meza yetu, yaani kundi letu la kucheza, ilijua mchezo mmoja tu wa kuigiza wahusika kwa mazungumzo na dadu. Tulikuwa watano, mimi mwendeshaji, yaani msimulizi wa kisa, wenzangu kila mmoja na mhusika wake, na kila tulipokutana tulifungua vitabu vya Dungeons & Dragons bila hata kuulizana. Siku moja, ndani ya mchezo, kundi likafika kwenye daraja linalolindwa na jitu. Nikanyamaza, nikawasubiri. Wote wanne wakainamia karatasi za wahusika wao, wakapekua orodha ya uwezo walionao, wakachagua uchawi wa moto. Hakuna aliyeniuliza kama jitu lile lina njaa, au linalinda daraja kwa amri ya nani. Majibu yote hayo nilikuwa nimeyaandaa. Usiku ule nikaanza kutafuta michezo mingine, na tangu hapo nimeshazionjesha meza tatu.

Usiwaambie wenzako kwamba mnahama. Mtu aliyemlea mhusika wake miaka mitatu atasikia kwamba unamtaka amzike. Omba jioni moja tu, wahusika wapya, kisa kinachoanza na kwisha siku hiyohiyo. Wala msijaribu kumwingiza mhusika wa zamani kwenye sheria mpya. Sisi tulijaribu, saa mbili zikaishia kwenye mabishano ya namba na hatukucheza kabisa.

Jioni hiyo ya kwanza chezeni Cairn. Ni kazi ya Yochai Gal ya mwaka 2020, na sheria zake zinapatikana bure kwenye intaneti. Unatupa dadu tatu za pande 6 kupata Nguvu, kisha Wepesi, kisha Utashi, na mhusika amekaribia kukamilika. Hakuna aliyezaliwa mchawi wala askari. Mtu ni kile alichobeba. Ana nafasi 10 za mizigo. Anayetaka uchawi hushika kitabu chake kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti, kisha uchovu ukakaa kwenye nafasi moja kama mzigo mwingine wowote. Na hili litamke kabla hamjaanza, tena mara mbili: kwenye mapigano hutupi dadu kujua kama umepiga. Kila pigo linafika, unatupa dadu ya madhara tu, na adui naye vivyo hivyo. Usipolisema, watu wataingia vitani kwa mazoea na kufa wakihisi wameonewa. Kwetu mchezaji mmoja alipoteza mhusika kwenye chumba cha pili. Mhusika wake aliyefuata alikaa mlangoni dakika ishirini akiniuliza sakafu imejengwa kwa nini, hewa inatokea wapi, na ile kamba ina urefu gani. Nilifurahi mno.

Wapo watakaoikosa dadu ya pande 20 na raha ya kumkuza mhusika. Hao wapelekee Dragonbane, mchezo wa Sweden uliotoka kwa Kiingereza mwaka 2023, uzao wa mchezo wa zamani wa huko, Drakar och Demoner wa 1982. Boksi lake lina dadu, kadi, ramani na visa 11 tayari kuchezwa, kwa hiyo mwendeshaji mwenye kazi nyingi anapumua. Unatupa dadu hiyo ya pande 20, na unatakiwa kupata namba isiyozidi ujuzi wako. 1 ni joka, jambo jema mno, na 20 ni pepo, balaa. Ukishindwa bila kupata pepo, unaweza kutupa tena, ila kwanza unajichagulia hali mbaya: hofu, hasira, uchovu na nyinginezo. Mwendeshaji, shikilia hapo. Usimruhusu mtu aandike “hasira” kisha anyamaze. Aseme hasira hiyo imetoka wapi na amemkasirikia nani. Ukilegea kwenye sheria hii, nusu ya utamu wa mchezo imepotea.

Nikiulizwa ninaoupenda kuliko yote, nitajibu Pendragon, wa Greg Stafford, uliotoka mwaka 1985. Mnacheza mashujaa wa farasi wa Mfalme Arthur, yule wa hadithi za kale za Uingereza, hamna mchawi hata mmoja kati yenu, na kila kisa huchukua mwaka mzima wa mchezo. Karatasi ya mhusika ina jozi 13 za tabia, na kila jozi jumla yake ni 20: ukiwa na Huruma 15, Ukatili wako ni 5. Hizo namba si pambo. Kuna nyakati mwendeshaji anakuamuru utupe dadu ya pande 20 kwa tabia yako, na hapa pia unatakiwa usizidi namba yake.

Mwenzetu mmoja alimshika aliyemuua baba yake, mtu amepiga magoti, hana silaha. Huruma 15. Akapata 18, ameshindwa. Sheria inasema sasa jaribu upande wa pili. Ukatili 5, akapata 3. Yeye mwenyewe hakutaka, lakini mhusika wake alishusha upanga. Meza ilikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaweka alama kando ya neno Ukatili, kwa mkono wake.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, waulize wachezaji wako kama wako tayari mhusika awashinde nguvu. Asiyekubali asilazimishwe, ataumia, na ana haki. Pili, usiruke kipindi cha majira ya baridi kinachofunga kila mwaka, hata kama saa zimekwenda. Hapo ndipo zile alama zinapojaribiwa na tabia kupanda, ndoa zinapotafutwa, watoto wanapozaliwa, na mnapojua ni farasi gani wamepona. Tenga nusu saa nzima kwa ajili yake.

Mkiwa wawili tu, au uko peke yako, tumia Ironsworn ya Shawn Tomkin, ya 2018, nayo bure. Haihitaji mwendeshaji. Unakula kiapo, unatupa dadu ya pande 6 na kujumlisha uwezo wako, kisha unaishindanisha na dadu mbili za pande 10. Ukizipita zote mbili umefaulu. Ukiipita moja umefaulu kwa gharama. Andika kwenye daftari unapocheza, sentensi mbili tatu kwa kila tukio, la sivyo utasahau uliapa nini.

Baada ya kila jioni ya majaribio siwaulizi wenzangu kama wamependa sheria. Nawauliza watasimulia nini kesho. Aliyetaja mtego walioukwepa, nampangia Cairn tena. Aliyetaja pambano, Dragonbane. Kwetu, watatu kati ya wanne walitaja yule mtu aliyepiga magoti. Sasa tuko mwaka wa ishirini na mbili wa mchezo, na tukikutana tena, mtoto wa aliyeuawa siku ile anafikisha umri wa kuvishwa upanga.