Jinsi ya Kutathmini Hatari ya Majanga ya Asili katika Kaunti

Anza kwa kubainisha majanga yanayoweza kuikumba kaunti, kama vile mafuriko, ukame na maporomoko ya ardhi, kisha ukusanye kumbukumbu za miaka mingi kadiri iwezekanavyo, ukiwauliza pia wazee, ambao mara nyingi hukumbuka mto ulifika wapi hata pale ambapo majalada ya ofisi hayasemi lolote.

Kadiria uwezekano kwa uangalifu. Mafuriko yanayoitwa ya miaka 100 hayasubiri karne ipite: maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kiwango hicho kufikiwa au kupitwa, na katika kipindi cha miaka 30 uwezekano wa kuyapata angalau mara moja hukaribia asilimia 26. Jina hilo, kwa maoni yangu, hupotosha zaidi ya linavyoeleza.

Halafu linganisha ramani ya maeneo ya hatari na ile ya makazi, hospitali, madaraja na mitambo ya maji. Pima pia udhaifu wa majengo na wakazi, kwa kuwa tetemeko moja huweza kubomoa nyumba za matofali yasiyoimarishwa kwa nondo na kuziacha za jirani zimesimama. Tathmini hiyo irudiwe kila baada ya janga kubwa au ujenzi mpya mabondeni.